Nataka kukata paa la Ford Popular ya babu, nianzie wapi?

KijanaMachomane

Asalaam alaykum wakubwa.

Niko Chake Chake. Nina Ford Popular aliyoiacha marehemu babu, ile ndogo nyeusi ya miaka ya 50 yenye pua nyembamba. Imekaa bandani tangu mimi sijaanza skuli. Injini ni yake mwenyewe, 1172 cc, haijajam. Nikiitia hendeli inazunguka na kompresheni naisikia mkononi. Chesisi nimeigonga kwa nyundo pahala pote, inalia chuma kizima. Bodi ndiyo iliyoliwa na kutu: vizingiti vya chini ya milango vyote viwili, na sakafu upande wa dereva unaona saruji ya chini.

Ninachotaka ni hotrodi ya kizamani hasa, yaani gari kuukuu iliyokatwa na kupunguzwa iwe ya mbio, kama walivyokuwa wakiunda vijana wa California kwenye mabanda yao: paa lishuke, madigadi ya mbele yatoke, injini ibaki ile ile. Binamu yangu anasema niweke injini ya Toyota 5K na giaboksi yake, nimalize. Sitaki. Gari hii ilikuwa ikipeleka karafuu za babu Mkoani, na ule mlio wake wote wa mtaa wetu wanaujua.

Vifaa nilivyonavyo: mashine ya kuchomea ya fimbo, grenda, jeki mbili, klampu za kutosha. Fedha nitapata msimu wa karafuu ukifunga.

Nauliza mambo matatu. Nikate inchi ngapi? Naweza kuanza na paa, maana ndilo linalonitia hamu? Na vioo vitakuwaje?

BintiChasasa

Waalaykum salaam kaka yangu.

Nakuomba kabla hujashika grenda ufikiri tena. Gari za umri huo zilizobaki Pemba ni za kuhesabu. Babu yangu mimi alikuwa dereva Wete, na katika gari alizoendesha haipo hata moja leo, zote zimekwenda kwenye chuma chakavu. Wewe Mungu amekuwekea yako. Kizingiti kilichooza kinatengenezwa kikarudi kama kilivyokuwa. Paa ukishalikata huwezi tena kusema hii ni gari ya babu, utasema hii ilikuwa gari ya babu.

Kama unataka hotrodi, tafuta bodi bovu zaidi ya hiyo. Siandiki kukuvunja moyo, naandika kwa sababu roho inaniuma.

MzeeBodi_Unguja

Kijana, waalaykum salaam. Na wewe binti, maneno yako mazito na nimeyasoma mara mbili. Lakini nitamjibu alichouliza, kwa sababu kazi hii ikifanywa vibaya gari inapotea kweli, na ikifanywa vizuri itaishi kuliko ilivyo sasa bandani.

Mimi nimeanza ufundi kwenye gari za shamba, zile za bodi la mbao tulizokuwa tukizijenga juu ya chesisi ya lori. Kazi ile inakufundisha kwamba bodi na chesisi ni vitu viwili. Popular yako ni hivyo hivyo, bodi limekaa juu ya chesisi na linafungwa kwa bolti. Ingekuwa Morris Minor, ambayo haina chesisi kamili na bodi lenyewe ndilo linalobeba gari, ningekwambia paa usiliguse.

Sasa jambo la kwanza. Paa ni la mwisho. Najua ndilo linalokutia hamu, lakini vizingiti vyako vimeoza, na bodi lenye vizingiti vilivyooza linashikwa na nini? Linashikwa na paa. Ukilikata leo, milango haitafunga tena maisha. Anza na sakafu na vizingiti, milango ikiwa imening'inia kwenye bawaba zake na inafunga, bodi limekazwa kwenye chesisi, na chesisi imelala sawa kwenye stendi. Usipime gari iliyokaa juu ya matairi.

La pili ni breki, na hapa nakuomba unisikilize kama mwanangu. Popular ina breki za fimbo, hazina mafuta. Pedali inavuta fimbo za chuma mpaka kwenye kila gurudumu. Zikiwa nzima zinasimamisha gari ile vizuri, kwa sababu injini yake ni ya nguvu farasi 30 tu. Lakini baada ya miaka yote hiyo pini zimelika na matundu yake yamekuwa mapana, kwa hiyo pedali inashuka nusu ya safari kabla kitu hakijavutwa. Tengeneza pini mpya kwa fundi wa lethi, tia bushi. Kisha inua magurudumu yote manne, kandamiza pedali kwa kipande cha ubao kilichobanwa na kiti, pita gurudumu moja moja ukizungusha kwa mkono. Yote yawe mazito sawasawa. Moja likiwa jepesi, gari itakuvuta upande siku utakayokanyaga kwa nguvu kwenye mteremko. Hii ndiyo sababu na mimi sitaki 5K humo ndani: ukitia injini ya Toyota juu ya fimbo hizo umejichimbia kaburi, labda ubadilishe ekseli na breki zote, na hapo ya babu imebaki nini?

Injini hiyo isidharauliwe. Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Lotus, aliitia 1172 kwenye gari zake za mwanzo za mashindano, Mark VI na hata Seven za awali. Kule Uingereza kampuni ya Aquaplane wakiuza vichwa vya aluminiamu vya injini hiyo hiyo. Jua kitu kimoja tu: haina pampu ya maji. Maji ya moto yanapanda yenyewe kwenye rejeta, yakipoa yanashuka. Ukiishusha rejeta ili pua ionekane fupi, maji hayatazunguka, na kwa jua letu utachemsha kabla hujatoka mjini. Iache pale pale ilipo, na feni yake.

Haya, paa. Wale vijana wa California hawakukata kwa urembo. Walikuwa wakishindana kwenye maziwa ya jangwani yaliyokauka maji, kama Muroc, na paa likishuka upepo unapata pahala padogo pa kusukuma. Madigadi waliyatoa ili gari iwe nyepesi. Gari waliyoipenda ni Ford Model A ya 1928 mpaka 1931, kisha ile ya 1932 iliyokuja na injini ya V8, yenye silinda nane. Model A nguzo zake zimesimama karibu wima kabisa, kwa hiyo unakata kipande, unateremsha, juu na chini vinakutana. Yako haikubali hivyo. Nguzo za mbele zimelalia nyuma.

Chukua timazi ya mwashi, ining'inize ndani kwenye kila nguzo, uandike imelala kiasi gani. Tuseme nguzo ina urefu wa sentimita 40 na juu imerudi nyuma sentimita 8. Ukitoa sentimita 5 na kuteremsha wima, nguzo ya juu itakuwa sentimita moja nyuma ya ya chini. Sentimita moja unaimaliza kwa kutia mkato mdogo kwenye shina la nguzo na kuilaza. Ukitaka inchi nne kama unazoziona kwenye picha, itabidi upasue paa lenyewe kati upenyeze bati la kulirefusha, na kazi hiyo si ya mtu mmoja bandani. Kwa hiyo jibu la swali lako: inchi mbili, yaani hizo sentimita 5, basi. Piga picha ya gari kwa ubavu ukiwa umesimama mbali, ichape, kata vioo kwa mkasi, shusha paa kwenye karatasi. Utaona inchi mbili kwenye gari ndogo ni nyingi. Kisha kaa kwenye kiti chako ujue kichwa kitaishia wapi.

Kabla ya kukata, funga bodi kwa skwea paipu: msalaba kwenye kila uwazi wa mlango, na nyingine kutoka upande huu mpaka huu, zote zichomelewe chini ya mstari wa kukata. Halafu kila nguzo ipigie nukta mbili za senta-panchi, ile chuma yenye ncha ya kutia alama, moja juu ya mstari na moja chini, baina yake sentimita 20 kamili. Paa likishakaa pahala pake, nukta zote zisome 15. Moja ikisoma 15 na nusu, paa limepinda na utaligundua siku ya kutia kioo. Macho yanadanganywa na bati, nukta hazidanganywi.

Nguzo zisikatwe zote usawa mmoja. Ndani ya kila moja penyeza kipande cha chuma cha milimita 2, kirefu sentimita 10 hivi, toboa matundu kwenye nguzo na uchomelee humo, ndiyo ufunge kiungo cha nje. Bila ya hicho chuma, gari ikipinduka paa lako ni kofia.

Mashine ya fimbo itafaa kwa vizingiti na skwea paipu. Bati la paa litatoboka. Azima mashine ya waya, au mtafute fundi wa gesi mwenye mkono mzuri. Piga nukta moja hapa, nenda upande wa pili piga nyingine, acha ipoe yenyewe. Ukivuta mshono mrefu bati linajikunja, na wapo watakaokwambia uzibe kwa puti. Puti nene kwa hewa yetu ya chumvi inapasuka, maji yanaingia nyuma yake, na kutu inakula usipoiona. Bati uliloling'arisha kwa grenda liwekwe praima siku hiyo hiyo, likilala wazi usiku mmoja limeshakuwa jekundu.

Na tangi la petroli litoke nje ya banda kabla cheche ya kwanza haijaruka. Betri pia.

VioovyaDarajani

Mzee kamaliza, nami nijibu la vioo, maana ndiyo kazi yangu.

Una bahati, kioo cha mbele cha Popular ni bapa. Lakini usikate chochote kabla hujajua ni aina gani. Kuna cha tabaka mbili chenye plastiki katikati, hicho kinakatwa. Kuna kilichopikwa, hicho ukikigusa na kikatio kinamwagika chote kama chumvi. Tazama ukingo wake uliopo wazi: cha tabaka utaona mstari mwembamba katikati. Vya pembeni kwenye gari nyingi za zamani ni vya kupikwa, usihangaike navyo, kata vipya.

Namna ya kukata cha tabaka: kwaruza upande wa juu mstari mmoja, mkono usirudi nyuma. Kigeuze, kwaruza upande wa pili juu ya mstari ule ule. Vunja taratibu upande huu, kisha huu. Sasa kimebaki kushikwa na plastiki. Tia spiriti ndani ya mstari, iwashe kidogo, plastiki ikilainika kivute vipande viachane nywele moja, upitishe wembe. Kingo zisugue kwa msasa na maji.

Tengeneza kiolezo cha plaiwudi kwanza, na kiolezo hicho kitoke kwenye gari baada ya paa kuchomelewa. Watu huniletea vipimo vya karatasi kabla ya kazi, mimi huwarudisha.

Wipa nayo: ya gari hiyo inaendeshwa na hewa inayofyonzwa na injini. Ukikanyaga mafuta inazubaa. Masika hiyo ni hatari, na kioo chako kitakuwa kifupi zaidi. Tia mota ya umeme.

KijanaMachomane

Wazee wangu, Mungu awalipe. Mota ya umeme naiona ni ya volti 12 na gari ni ya 6. Nibadilishe zote?

Na dada yangu wa Chasasa, nimeyasikia. Nimemuuliza bibi. Kasema babu mwenyewe alishaikata sehemu ya nyuma zamani ili magunia ya karafuu yaingie, akairudisha kwa bati la debe. Nimekwenda kutazama chini ya rangi, kweli nimeuona mshono. Ila madigadi sitayauza wala kuyatupa, nitayapaka mafuta niyafunge kwenye turubai.

BintiChasasa

Kama bibi karidhia, mimi sina neno. Madigadi usiyaweke chini kwenye saruji, yatundike. Na piga picha za gari ilivyo sasa, kila pembe, pamoja na mshono wa babu, kabla hujaufuta.

MzeeBodi_Unguja

Huo mshono wa bati la debe usiufute mpaka uone nyuma yake pamekuwaje, huenda ndipo kutu ilipoanzia.

Volti: badilisha zote kwa pamoja. Balbu, koili, dinamo au altaneta ndogo, na jenga waya upya maana zile zilizofunikwa kwa nguo zitakuwa zimeshakauka zinachanika. Waya nene za stata ziache, zinabeba.

Kazi ya sakafu ikiisha, weka hapa picha za nguzo zote na kipimo cha timazi kwenye kila moja. Grenda isiguse nguzo mpaka tuzitazame pamoja.