Bastola ya shabaha na nyumbani: Glock 19 au CZ P-07?

Swali: Wakuu, leseni ipo. Nataka moja ya uwanjani na ya sefu nyumbani. Kifyatulio kipi rahisi kumudu?

Jibu: Glock. Mvuto wa kifyatulio ni uleule kila risasi, kama kilo 2.5, hivyo kidole huzoea upesi. Ila haina loki ya kidole gumba; kamba ya jaketi ikinasa kwenye kifyatulio, inafyatuka. Holsta iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote. Kuifungua ili kuisafisha lazima ubonyeze kifyatulio, kwa hiyo toa magazini KWANZA, kisha vuta slaidi, kagua chemba (tundu inapokaa risasi) kwa jicho na kidole. Ukianza na slaidi, magazini inapakia risasi nyingine, na hapo ndipo kuta hutobolewa.

Jibu: P-07 mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, inayofuata mifupi. Risasi ya kwanza huangukia chini ya shabaha. Fanya mazoezi makavu (bila risasi) ya mvuto huo tu, 20 kwa siku, risasi zikiwa chumba kingine. Weka kishusha nyundo (kitufe cha kushusha nyundo salama) badala ya loki. Kushusha nyundo kwa gumba ni kutafuta balaa.

Jibu: Yoyote utakayochukua, usiweke springi nyepesi. Pini ikigonga kwa unyonge, praima (kiwashio kwenye kitako cha risasi) ngumu hazilipuki.