Naomba ushauri: niwasomeshe mwisho upi wa kisa cha Sita?
Ndugu zangu, ninaandaa somo kuhusu Sita, malkia katika Ramayana, utenzi wa kale wa India, na nimekwama. Katika kitabu cha mwisho cha utenzi unaohusishwa na Valmiki, Mfalme Rama anamfukuza mkewe Sita akiwa mjamzito kwa sababu ya minong'ono ya raia, naye, baada ya kuwalea pacha Lava na Kusha msituni, anapotakiwa kuthibitisha tena uaminifu wake wa ndoa, anaiomba ardhi impokee. Mwandishi Bhavabhuti, katika tamthilia yake ya karne ya 8, aliwakutanisha upya Rama na Sita. Naona kumrudisha kwa mume ni kumpokonya neno lake la mwisho, ingawa majuto ya Rama katika tamthilia hiyo hunigusa sana. Je, nianze na simulizi ipi kwa wanafunzi wanaoamini kwamba kupenda bila masharti ni kuvumilia kila kitu?