Kamashine ka umeme kwa paji la uso juu ya migreni, kanasaidia kweli?

DadaNguba
Jambo bandugu ba Bukavu. Yaya yangu anaumwaka kichwa upande moja tangu sekondari, kwanza anaona mistari inang'aa mu macho, halafu anatapika, anafunga rido analala mu giza siku nzima. Malaria balipima mpaka tulichoka, munganga akasema ni migreni. Sasa kaka mukubwa iko Ubelgiji anataka kutuma kamashine ka kubandika kwa paji la uso, kanapitisha umeme kidogo. Mama anakatala kabisa, anasema itamuharibia akili. Nani anajua hiyo kitu?

Infirmye_Kadutu
Dada, mutulize mama, haiko elektroshoki. Hiyo lazima ni Cefaly, inatoka kule kule Ubelgiji, Marekani baliiruhusu 2014. Umeme yake haiendi kupiga ubongo, inagusa mushipa unapita juu ya nyusi, tawi ya trijemino (mushipa mukubwa wa kusikia wa uso), na njo mushipa ile inabebaka maumivu ya migreni. Utasikia kama siafu zinatembea kwa ngozi, basi. Ni dakika 20 kila siku, hata siku kichwa haiume. Banganga ba Ubelgiji baliijaribu kwa batu 67, majibu ikatoka 2013: kisha miezi 3, kwa benye mashine ya kweli batu 38 ku 100 siku zao za migreni zilipunguka nusu ao zaidi, kwa mashine ya uongo (inafanana na ya kweli lakini haitibu, ni ya kulinganisha tu) batu 12 ku 100. Kwa hiyo inasaidia bamoja, haiko bote, musimupe yaya matumaini ya muujiza.

Mzee wa Panzi
Iko na ingine ya sumaku, unaweka nyuma ya kichwa wakati mistari inaanza, ile njo inafika mu ubongo yenyewe. Lakini mutu wa kifafa asiiguse, na mwenye chuma mu kichwa pia, na huku kwetu batu ngapi biko na vipande vya risasi ao bombe ndani ya mwili na hakuna mwenye anabauliza! Muulize kwanza, hata juu ya ile ya paji.

DadaNguba
Aksanti sana. Hana chuma, hana kifafa. Ila anakunywaka parasetamol na ibuprofen karibu kila siku.

Infirmye_Kadutu
Eeh dada, hapo njo pa kuanzia! Kunywa hizo dawa siku 15 ao zaidi kila mwezi, miezi inafuatana, dawa yenyewe inaanza kuleta kichwa, na mashine itahangaika bure. Arudi kwa munganga amupangie namna ya kupunguza, na amuulize juu ya propranolol ao amitriptilini, zinapatikana ku farmasi na zinazuiaka migreni (kama iko na asma aseme mbele, propranolol haimufae). Na kama kaka anatuma kweli, atume na zile plaki za kubandika nyingi, zinachoka mbio na huku hamutazipata.

DadaNguba
Namwandikia leo. Na mama nitamusomea hii yote mangaribi.