Nihame FL Studio niende Reaper (programu za kutengeneza na kurekodi muziki)?

Wakubwa shikamooni, niko Arua, miaka 5 natengeneza biti kwa FL Studio na mkono ushazoea, sasa siku hizi narekodi kwaya, wimbo mmoja sauti kama 20 na laptop yangu ya ramu 4GB inakwama kabisa. Nihame?

Jibu: Usiiache FL ndugu yangu, ukishainunua matoleo mapya unapata bure maisha yote. Piga biti huko, toa kila ala kama faili ya sauti ya wav, ziingize Reaper, halafu kwaya rekodia humo, ni nyepesi sana na unaijaribu siku 60 bure.

Jibu: Mimi nilihama mazima nikajuta, piano roli ya FL (ile sehemu ya kupanga noti) naikumbuka mpaka leo. Ongeza ramu kwanza bana.

Muuliza: Asanteni sana, nitatumia zote mbili, kwaya inakuja Jumamosi.