Wahariri, mnaingia kwenye faili la InDesign (programu ya kupangia kurasa) kimyakimya halafu lawama zinatuangukia wapangaji kurasa!

Wakuu, yamenifika shingoni. Kuna mchapishaji mmoja, simtaji. Mhariri wake kafungua faili la kitabu nililokwisha kulipanga, kakata sentensi huku, kachomeka nyingine kule, na ufuatiliaji wa mabadiliko (track changes) hakuuwasha. Pleti za kuchapia zimeshatoka, mwandishi anauliza aya yake ya mwisho iko wapi, ofisi inamjibu: "Muulize mpangaji." Mimi tena!

Jamani, InDesign si Word. Ufuatiliaji umo tangu toleo la CS5 la mwaka 2010, lakini hauwaki wenyewe. Na hata ukiuwasha, kwenye ukurasa huoni kitu. Rangi za maneno yaliyoongezwa na mistari ya yaliyofutwa vinaonekana kwenye dirisha la maandishi matupu tu, lile la Ctrl+Y. Mtu akibadili mtindo wa aya au ukubwa wa herufi, hapo hakuna kumbukumbu kabisa. Kinachofuatiliwa ni maneno yaliyoongezwa, yaliyofutwa au yaliyohamishwa. Sasa mimi nitajuaje? Nilinganishe kitabu kizima mstari kwa mstari, usiku kucha, bure?

Ile aya hata haikufutwa. Sentensi zilizochomekwa katikati ya sura zimesukuma mistari mpaka maandishi yakafurika nje ya kisanduku cha mwisho. Alama nyekundu ya kujumlisha, inayoonya kwamba maandishi hayajaenea, ilikuwa pale pale, kwenye ukurasa ambao mhariri hakujisumbua kuufungua!

Na njia zipo. Programu ya InCopy imetengenezwa kwa ajili ya wahariri: mmoja akichukua sehemu ya maandishi, kwa wengine inafungwa, na mpangilio wangu unabaki salama. Hamtaki kuinunua? Wekeni maoni kwenye PDF. Tangu toleo la 2019, InDesign inayaingiza kwenye faili lenyewe, nami nayapitia moja moja. Hizi picha za WhatsApp za karatasi iliyochorwa kalamu nyekundu, nusu yake imekatwa na kidole, sizipokei tena.

Kuanzia sasa natoa PDF tu. Faili la kazi halitoki kwangu mpaka mkataba useme nani anahariri, anahariria wapi, na marekebisho baada ya prufu (nakala ya kusahihishia) ya pili yanalipwa shilingi ngapi kwa ukurasa. Wapangaji wenzangu, nyie mnawabanaje? Mwenye kifungu cha mkataba ambacho mchapishaji alikisaini kweli akiweke hapa.