Mjadala: Wanyama waliotoweka warudishwe kwa uhandisi jeni?

Mwana Raskazone: Samaki silikanti alihesabiwa marehemu wa mamilioni ya miaka hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Leo ana hifadhi yake ya bahari hapa Tanga. Yeye hakuhitaji maabara. Lakini ndege dodo tulimmaliza sisi binadamu, na kampuni ya Colossal ya Marekani inasema itamrudisha. Naunga mkono. Wadau?

Ngamiani Kati: Hafufuliwi mtu hapo, ndugu. Vinasaba vya mfupa wa kale hutoka vimekatikakatika. Vipande husomwa na kupangwa kwa kufuata jenomu (seti nzima ya vinasaba) ya jamaa aliye hai. Kisha seli ya huyo jamaa huhaririwa, kiini chake (kifuko cha vinasaba) huwekwa kwenye yai lililoondolewa kiini, na kiinitete hupandikizwa kwa jike wa kubeba mimba. Wale "mbwa mwitu wa kale" waliotangazwa na Colossal 2025 (si jamii ya hawa wetu wa Mkomazi) ni mbwa mwitu wa kijivu waliohaririwa mahali 20, katika jeni 14. Jenomu yao ina herufi za vinasaba zaidi ya bilioni mbili. Hesabu mwenyewe.

Bi Chumbageni: Na kwa dodo njia hiyo haipiti. Yai la ndege ni kubwa, limejaa ute wa njano, kiini chake cha vinasaba hakitoleki kirahisi. Ndiyo maana wanahangaika na seli changa za uzazi za njiwa wa Nicobar, jamaa wa dodo aliye hai. Hata kwa mamalia ni kazi: mbuzi mwitu wa milima ya Pyrenees, Ulaya, aliyekwisha kutoweka, alizaliwa kwa kloni (nakala ya kijeni) mwaka 2003, akafa baada ya dakika chache, mapafu mabovu.

Mwana Raskazone: Sawa, lakini kicheche wa miguu myeusi wa Marekani je? Seli ziligandishwa 1988, kloni akazaliwa 2020, mzima.

Bi Chumbageni: Huyo spishi yake haijatoweka, na seli zilikuwa nzima ndani ya naitrojeni ya kimiminika. Kwa kugandisha seli mapema nakubaliana nawe kabisa. Joto na unyevu wa pwani yetu huozesha vinasaba upesi. Cha kuhifadhi kihifadhiwe kingali kibichi. Silikanti akinaswa, kipande cha nyama kigandishwe siku hiyohiyo.

Ngamiani Kati: Kipande kitasaidia utafiti, hakitazaa samaki. Silikanti huzaa watoto hai, na mimba inakadiriwa miaka mitano. Jike gani mwingine ataibeba? Dawa yake ni kuondoa majarife (nyavu kubwa za papa) kwenye maji ya kina, na mvuvi apewe njia nyingine ya kipato, maana bila hiyo atarudi usiku. Angalieni chura wa Kihansi: bwawa lilikata manyunyu ya maporomoko, akatoweka porini. Walizalishwa Marekani bila kuhariri jeni hata moja, wakaanza kurudishwa 2012, ila kwanza bondeni zilifungwa bomba za kunyunyizia maji.

Mwana Raskazone: Bomba hizo pia ni teknolojia, kaka. Na kifaru mweupe wa kaskazini amebaki majike wawili tu, Kenya. Huyo utamwokoa kwa kuondoa jarife?