Mjadala: Ni haki kumlazimisha mwanafunzi wa PhD ya historia au fasihi ajifunze Python?

Kurasa_Njano: Wadau, idara yetu inataka kila anayeanza PhD apite kozi ya muhula mzima ya kuchakata maandishi kwa kompyuta, kuandika Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), kusafisha data yaani kuondoa makosa yake, kuchora ramani. Ukifeli husogei kwenye pendekezo la utafiti. Mimi naona sawa tu, magazeti ya zamani yaliyoskaniwa siku hizi ni mengi mno, nani atayamaliza kwa macho? Nyie mnaonaje?

Bi Kalamu: Uonevu mtupu. Mtu kaja kusoma riwaya mnamgeuza fundi kompyuta. Na tuambiane ukweli, wengi wanaokimbilia kuhesabu maneno kwa kompyuta ni wale ambao kumaliza kitabu kumewashinda.

Mla_Data: Hapo mwisho ungetaja jina langu tu dada yangu. Riwaya zangu nilizisoma moja moja ndo nikazihesabu. Halafu hii kitu si ya jana, kuna padri Mtaliano, Busa, alianza na IBM, kampuni ya mashine za kuhesabia, mwaka 1949 kupanga maneno yote ya Thomas Aquinas, mwanateolojia wa zamani aliyeandika kwa Kilatini, milioni kumi na kitu huko, ikamla miaka kama 30. Na yeye alishindwa kusoma?

Bi Kalamu: Padri Kilatini kilikuwa kichwani kabla hajaiona hiyo mashine. Wewe kichwani una nini?

Mchana Kweupe: Naingilia. Huyo padri mnampa sifa zote wakati kadi za kuingizia maneno kwenye mashine zilitobolewa na wasichana aliowafundisha hukohuko Italia, mnawajua hata mmoja kwa jina? Mpaka leo ni hivyohivyo, profesa anapata makala, mwanafunzi aliyesafisha data anaambulia shukrani pale chini kwa herufi ndogo.

Mla_Data: Tunaongelea kozi jamani.

Mchana Kweupe: Na mimi naongelea kozi. Ukishajua kusafisha data utaenda kumsafishia nani?

Mzee wa Nyaraka: Vijana punguzeni moto. Mimi nasimamia tasnifu. Mmoja kaniletea grafu, neno la Kiingereza "best" eti linapaa ghafla kuanzia kama 1800, na sura nzima kaijenga hapo, mambo ya ushindani na viwanda. Kumbe kabla ya hapo wachapaji walitumia s ndefu, inafanana na f, kompyuta iliyosoma kurasa zilizoskaniwa ikaona "beft". Neno lilikuwepo muda wote.

Kurasa_Njano: Mzee si umeitetea kozi hapo? Angefundishwa kusafisha data asingeingia mkenge.

Mzee wa Nyaraka: Au angefungua kitabu kimoja tu cha karne ya 18.

Bi Kalamu: 😂😂 Asante mzee, nimemaliza.

Mla_Data: Hujamaliza, hujanijibu, umecheka tu.

Msomaji Kimya: Mi kozi sina ugomvi nayo, ugomvi wangu nani atasahihisha? Nimejifunza mwenyewe usiku usiku, nimetumia programu inayopanga barua za zamani kwa mada, nikapeleka sura ya tatu, msimamizi akaandika pembeni "hii ni nini" kwa kalamu, akapiga picha kwa simu, akanitumia, na picha yenyewe imelala upande, sasa huyo ndo anipe maksi za Python?

Mzee wa Nyaraka: Picha kulala upande si kosa la kielimu.

Msomaji Kimya: Mzee usije ukawa ndo wewe.

Mzee wa Nyaraka: Hizo barua ni za nani?